Barua kutoka Buhembe: Hoteli mpya za mjini, na kahawa yetu

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ofisini pangu si la cheti cha ubatizo wala la tarehe ya ndoa. Ni hili: "Karani, wewe uendaye mjini kila juma, mtu akishuka kwenye gari na njaa yake, ale wapi?" Mwenye kuuliza huwa analeta mgonjwa, au anafuata kitambulisho, au anakwenda benki kuona kama fedha za kahawa zimeingia. Ameona hoteli mpya zimeota kama uyoga, zenye viti vya rangi na picha za chakula ukutani, naye ameogopa kuingia. Basi leo nawajibu wote kwa mara moja.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwetu hoteli ni mahali pa kula, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Nami nitasema hivyo hivyo. Na mtu wa Buhembe asinicheke nikisema "kwenda mjini", ati kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Bukoba. Ni kweli imo. Lakini migomba bado tunayo, na mwenye migomba ana haki ya kusema anakwenda mjini.

Mwenye njaa kubwa na fedha kidogo na aanze kwa mama lishe, karibu na stendi au sokoni. Hapo atapata ndizi zilizomenywa alfajiri na kupikwa chungu kimoja na maharage, kama nyumbani, au katogo yenye utumbo kwa asubuhi, au dagaa, au sato wa mchuzi. Dalili za mahali pazuri ni chache. Chungu kifuke mvuke. Sahani ziwe zimefunikwa. Pawe na maji ya kunawa na sabuni, si maji ya beseni moja ambalo watu ishirini wamekwisha kutia mikono. Na tazama wanaokula: ukiona madereva, kaa. Dereva hula hoteli kila siku ya maisha yake, tumbo lake limemfundisha.

Tena uliza bei kabla ya kukaa, na uliza bei ya samaki mbali na bei ya ndizi. Nimepata kumwona baba mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akiutazama mfupa wa sangara kama hati ya mashitaka, kwa kuwa alidhani samaki amo katika bei ya sahani. Na huyo sangara babu zetu hawakumjua. Aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akala wenzake wengi, na sasa ndiye anayetutoza.

Hoteli za chipsi ni za vijana. Chipsi mayai, kuku wa kukaanga, na chapati iliyokunjwa na mayai ndani yake, ambayo ndugu zetu wa Uganda huiita rolex, nayo imevuka mpaka wa Mutukula bila pasi. Sina ugomvi nazo. Tazama mafuta tu. Yakiwa meusi kama ya motokaa, muage mwenye nyumba kwa adabu, uende zako.

Ufukweni ni kwa siku ya furaha: mtoto amepata kipaimara, au shangazi amekuja kutoka Mwanza kwa meli. Ukifika, agiza samaki kwanza, ndipo uwatembeze watoto majini, kwa maana samaki wa ufukweni huchukua saa nzima, na mtoto mwenye njaa akikaa mezani saa nzima hamtasikilizana.

Sasa nije kwenye hoteli zenye kuwatisha watu, yaani zile za keki, aiskrimu na kahawa ya mashine. Hizo nataka mwingie, walau mara moja, nami nitasema sababu.

Tuanze na aiskrimu. Ukiuliza una ladha gani, binti atakutajia chokoleti, na stroberi, na vanila. Mama zangu wa vijijini, hiyo vanila mnaijua kuliko yeye. Ni ule mti wa kutambaa uliofika katika mashamba ya Kagera miaka ya 1990, ambao ua lake hufunguka asubuhi moja tu, nanyi hulichavusha kwa mkono, moja moja, kwa kijiti. Kwao Meksiko wako wadudu wa kazi hiyo, huku hawako. Ujanja wa kijiti uligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, naye alikuwa mtumwa. Wakubwa wenye elimu yao walikuwa wamehangaika nao miaka mingi. Baada ya ua, mnangoja miezi kama tisa maganda yakomae, mkilala na mbwa shambani kwa ajili ya wezi. Je, mwajua ladha yake? Akina mama watatu niliowauliza hapa petu hawakuwa wameionja. Lakini msije mkalipa mkidhani mnaonja jasho lenu, maana aiskrimu nyingi duniani, si za Bukoba tu, hutiwa harufu ya vanila iliyotengenezwa kiwandani kwa bei ndogo. Ya kweli huonekana mara nyingi na vijidoadoa vyeusi kama vumbi la pilipili manga. Ukikosa vijidoadoa, muulize binti. Asipojua, mwambie wewe.

Na kahawa ndiyo habari kubwa zaidi.

Sote twajua kwamba kahawa kwetu ni ya kale kuliko Wazungu. Kabla Emin Pasha hajaweka boma la Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890, Wahaya walikwisha kutafuna akamwani, punje zilizochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, wakimpa mgeni mlangoni, na kwa punje hizo watu wawili walifanya undugu wa kuchanjiana damu. Baadaye ikawa zao la kuuza. Mwaka 1950 wazee wetu waliunda chama chao kikuu, BNCU, ambacho leo ni KCU. Kiwanda cha Tanica kimo humu humu mjini tangu miaka ya 1960, kikifanya kahawa ya kukoroga. Yote hayo twayajua. Lakini ingia nyumba kumi za wakulima wa kahawa uone asubuhi wanakunywa nini. Utakuta chai. Kahawa kwetu ni ya kutafuna na kuuza. Kuinywa tumewaachia watu wa pwani na vikombe vyao vidogo, na watu wa Ulaya.

Mwezi uliopita nilimpeleka mzee mmoja wa upande wa Muleba katika nyumba mpya ya kahawa. Alikuwa ameletwa hospitali macho, nasi tulikuwa tunangoja saa ya kumrudisha. Ndani mna mashine inayopiga mluzi kama meli. Binti alikuja, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo babu, karibuni." Akampa karatasi ya bei. Mzee akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: kahawa nyeusi, shilingi 2,000.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii elfu mbili ni ya kilo?"

"Hapana babu, ya kikombe."

Mzee hakusema neno. Kahawa ikaja. Alikataa sukari, kwa kuwa alitaka, ndivyo alivyosema, aione yenyewe. Alinusa kwanza, akanywa kidogo, akaiweka chini, akanywa tena. "Ni chungu," akasema, "lakini yanukia vizuri. Miaka hamsini nalima kitu hiki, sijakinywa namna hii." Kisha akaniomba nimfanyie hesabu, kwa sababu ajua nilisomea ualimu, na mwalimu hawezi kukataa hesabu.

Nikaandika pembeni mwa gazeti. Kilo mbili za maganda makavu, zikikobolewa, hutoa kama kilo moja ya kahawa safi. Basi kilo moja ya maganda ni nusu kilo ya kahawa safi. Ikikaangwa hupungua, kwa kuwa maji hutoka, hata zikabaki kama gramu 400. Kikombe kimoja hutaka kama gramu kumi. Gawanya. Kilo moja ya maganda, ile unayoipima katika chama cha msingi, ni vikombe arobaini. Vikombe arobaini kwa shilingi 2,000 ni shilingi 80,000.

Mzee aliitazama ile karatasi muda mrefu.

Sasa tusiwe watu wa kuropoka. Mwenye hoteli si mwizi. Analipa pango, umeme, kodi, mashine iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, binti, gesi, na vikombe vinavyovunjika. Anayekoboa ana gharama yake, na mwenye kukaanga naye, na gari la kubebea. Fedha zile 80,000 hazikulala mfukoni mwa mtu mmoja. Lakini kila baba anayeuza kahawa anajua alilipwa nini kwa kilo msimu uliopita. Mimi sina haja ya kumwambia. Aichukue bei hiyo, aigawanye kwa arobaini, aone amepata nini katika kila kikombe. Hesabu hii si ya kumkasirisha mtu. Ni ya kumpa kipimo, ili atakapoambiwa bei ajue anaongea juu ya nini.

Nasema hivi hasa kwa sababu ya butura. Hapa sisemi kwa mafumbo. Kila mwaka, maua ya kahawa yakiwa bado juu ya mti, au punje zikiwa kijani, wapo wanaopita usiku na fedha mkononi. Ni wakati watoto wanarudi shule, sare hazipo, daftari hazipo, labda mama ni mgonjwa. Baba anapokea, na kahawa ya mti ule si yake tena. Serikali imelikataza jambo hili, watu wamehutubiwa mikutanoni, na bado lafanyika, kwa kuwa njaa haingoji msimu. Simlaumu aliyebanwa. Ila mke anapojua hesabu ya vikombe arobaini, naye akaketi katika shauri lile la usiku, maneno hubadilika. Kwa nyumba moja niijuayo, mama alisema, "Tuuze mbuzi." Wakauza mbuzi. Walipovuna, walipeleka kahawa yao chamani kwa jina lao wenyewe. Mbuzi wengine wamekwisha kununua.

Akina mama, msingoje kuja mjini ndipo mwionje. Mashine ile ya mluzi si lazima. Chukua maganda makavu, yasiwe na ukungu, twanga taratibu katika kinu mpaka yaachane, pepeta kwa ungo. Chagua, tupa nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Weka kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, usitie mafuta, mimina kiasi cha viganja viwili, na usiache kukoroga. Zitageuka njano, kisha zitanukia kama mkate, kisha utasikia zinapasuka pa, pa. Zikifika rangi ya udongo wa kichuguu mbichi, kama robo saa au dakika ishirini hivi, epua upesi, mimina kwenye ungo, pepea zipoe. Hapo ndipo wengi huharibu. Huziacha katika kikaango chenye moto, nazo huendelea kuiva zenyewe mpaka kuwa makaa. Zilale hata kesho yake. Twanga, si laini kama unga wa mtama. Kijiko kimoja kilichojaa kwa kikombe, maji yaliyochemka yakatulia kidogo, funika, ngoja dakika nne, chuja. Ya kwetu ni robusta, ina nguvu kuliko arabika ya Kilimanjaro, basi mtoto asipewe, na mzee asinywe jioni kama anataka usingizi. Waitalia huipenda robusta katika kahawa zao kwa sababu hutoa povu zito juu ya kikombe.

Anayekuja Jumamosi na afike kwa mama lishe kabla ya saa saba, maana ndizi huisha na hubaki wali. Nyumba za kahawa hazina haraka. Unaweza kukaa na kikombe kimoja muda mrefu bila mtu kukuondoa, na choo chao huwa safi, jambo ambalo mama mwenye mtoto mdogo mjini atalishukuru kuliko keki.

Mzee wangu wa Muleba amekwisha kujaribu nyumbani kwake. Alinitumia kahawa katika kikopo cha maziwa kwa mkono wa dereva wa Coaster. Ya kwanza iliungua. Ya pili nimeimaliza juzi.