Tuwaokoe Ndege wa Mpakani

Kinamasi cha Sio-Siteko kimelala pande zote mbili za mpaka wa Busia. Korongo taji alalaye upande wa Uganda aweza kwenda kutafuta chakula upande wa Kenya asubuhi, akarejea jioni bila kuulizwa hati yoyote. Lakini ndege huyo akivunjika bawa au akila sumu, mpaka ambao hakuujua alipokuwa mzima ndio unaomzuia kufikishwa penye matibabu. Jambo hili si dogo, nasi twaona kwamba yafaa lishughulikiwe na wenye madaraka wa nchi zote mbili.

Korongo taji ndiye ndege wa taifa la Uganda, na sura yake imo katika bendera ya nchi hiyo. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi anamozalia vinakaushwa ili vilimwe, makinda yake hukamatwa na kuuzwa, na wakubwa hugonga nyaya za umeme au kufa kwa sumu. Kwa kuwa hutaga mayai machache tu, kila korongo mzima anayepotea ni hasara isiyofidika upesi.

Habari ya sumu yatupasa tuieleze waziwazi. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, Busia ya Kenya, mtafiti Martin Odino alionyesha jinsi wawindaji walivyokuwa wakitia konokono dawa ya kuulia wadudu iitwayo Furadan, kisha kuwatawanya majini ili waliwe na korongo domo-wazi. Ndege hai, waliozuiwa wasiweze kuruka, waliwekwa shambani ili kuwavuta wenzao. Waliokufa waliuzwa kuwa kitoweo. Mwaka 2009 kampuni iliyotengeneza dawa hiyo ilianza kuiondoa katika maduka ya Kenya, lakini hila hiyo ya uwindaji haihitaji dawa ya jina moja tu. Na mlaji wa nyama ya namna hiyo ajue kwamba sumu inayopooza neva za ndege hudhuru neva za binadamu vilevile.

Hatusemi kwamba mkulima hana malalamiko. Huko Bunyala, na huko Doho, ambako kabla ya mwaka 2005 kulikuwa katika wilaya ya Tororo, ndege wala nafaka huweza kuleta hasara kubwa. Lakini korongo domo-wazi hali mpunga. Yeye hula konokono. Kumwua hakuokoi hata punje moja. Na sumu iliyomwagwa shambani haichagui adui na rafiki.

Wapo watu wanaodhani kwamba ndege aliyekula sumu au aliyevunjika bawa hana tena matumaini. Sivyo. Sumu ya jamii ya Furadan huachana na mwili baada ya muda usio mrefu, na ndege aliyewahiwa na daktari wa wanyama akapewa dawa aweza kupona kabisa. Mfupa uliovunjika nao huunga ukifungwa mapema. Adui mkubwa ni kuchelewa.

Hapo ndipo penye kasoro. Kituo cha Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 1952 ili kulea wanyama yatima, kiko zaidi ya kilomita 200 kutoka Busia. Wataalamu wa Kenya wanaotibu ndege wawindao, kama wale wa Naivasha, wako zaidi ya kilomita 300. Aidha, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 na ile ya Uganda ya mwaka 2019 zinakataza mtu kukaa na mnyama wa mwituni bila kibali, na korongo taji hawezi kuvushwa mpaka bila hati za kimataifa. Sheria hizo ni njema, kwani zimewekwa ili kuwakomesha wafanya biashara haramu. Lakini mwananchi mwema aliyeokota korongo mwenye jeraha aweza kuogopa kushikwa, akaona ni heri amwache afe majanini.

Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, ili msafiri na mzigo wake wakaguliwe mara moja tu. Ikiwa lori la saruji kutoka Tororo limerahisishiwa njia, haishindikani kumwekea utaratibu ndege aliye mahututi. Ibara ya 116 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika kuhifadhi wanyamapori. Basi tunashauri mambo matatu. Kwanza, mamlaka za wanyamapori za nchi hizi mbili ziweke Busia na Malaba chumba kidogo cha huduma ya kwanza, chenye dawa na mganga wa mifugo aliyefunzwa kutibu ndege. Pili, hati za dharura za kuwavusha majeruhi zitolewe papo hapo. Tatu, itangazwe katika baraza za wananchi kwamba amletaye ndege majeruhi bila kukawia hatashitakiwa.

Wananchi nao, Wasamia na Wateso wa pande zote mbili, wana sehemu yao. Amwonaye ndege majeruhi amfunike kwa nguo, amweke katika boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu. Asimlazimishe kunywa maji wala kula. Anawe mikono, akumbuke mahali alipomwokota ili arudishwe papo hapo akipona, kisha awaarifu maofisa wa wanyamapori siku ileile. Na asimgeuze kuwa pambo la nyumbani, maana kinda lililolelewa na watu husahau kuwaogopa watu, na hilo humwangamiza arudipo porini.

Gharama ya haya yote si kubwa ikilinganishwa na ile ya kumpoteza korongo. Tunawaomba wahusika wa Busia na Tororo wakutane mapema, wala wasingoje mpaka ndege huyu abaki katika bendera peke yake.