Mtungi umeingia, mkaa haujatoka

Mwaka 2001, asilimia 47 ya kaya za Dar es Salaam zilipikia mkaa. Kufikia 2007, kwa hesabu za Benki ya Dunia, zilikuwa asilimia 71. Katikati ya miaka hiyo kulitoka Sera ya Taifa ya Nishati ya 2003, kisha marufuku ya mkaa ya 2006. Bei ilipaa, na marufuku hiyo ikaondolewa baada ya muda mfupi tu.

Sera zimekuwa zikikazania aina ya nishati, ilhali jiko la mjini huendeshwa na pesa ya siku. Mama lishe wa Kariakoo hununua mkaa wa kopo asubuhi, akapika, akauza, na katika mauzo hayo akatoa pesa ya mkaa wa kesho. Hata mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 hudai pesa yote kwa mkupuo. Kwa mwezi mzima mkaa unaweza kumgharimu zaidi, lakini mwezi si kipimo cha biashara yake. Hata mwenye mtungi hachemshii maharage gesi akiweza kuepuka: chai kwenye gesi, maharage kwenye mkaa.

Mafuta ya taa nayo yalipimwa kwa chupa, kidogo kidogo. Bajeti ya 2011/12 ilipandisha ushuru wake kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, kusudi kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta hayo. Sababu ilikuwa ya haki; ila aliyeupigia hesabu ushuru huo alikuwa akitazama vituo vya mafuta, si majiko ya vyumba vya kupanga.

Nayo gesi asilia ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam tangu 2004, kwa sehemu kubwa huzalisha umeme na kuendesha viwanda. Ya mtungini (wengi huzichanganya) huja kwa meli, na bei yake hufuata soko la dunia na dola.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa, na hilo linawezekana: shule hukaguliwa. Kwa kaya kumekuwa na mitungi ya ruzuku, lakini ruzuku hiyo hupunguza bei ya kuanzia, na mtungi ukiisha mnunuzi hurudi kwenye bei ya soko. Idadi ya mitungi iliyogawiwa haisemi ni mingapi iliyojazwa mara ya pili, na hiyo ndiyo hesabu inayostahili kutangazwa.

Nishati inaweza kuuzwa kidogo kidogo: Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, imeonyesha kwamba umeme huuzika hata kwa shilingi elfu moja. Kwa gesi, KopaGas ilianza Dar es Salaam kufunga mita kwenye mtungi, mteja akalipia kwa simu kadiri anavyopika. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas, na soko lake kubwa likajengwa Nairobi.