Esansi inayobaki ilipie kiti cha dereva

Mwenye taksi hapa kwetu Beni akinunua gari, swali lake la kwanza ni moja: inakunywa litri ngapi? Ndiyo maana gari ndogo zimejaa barabara ya Butembo, kilometa 54 hivi. Kuna pia zile za moteri mbili, ya esansi na ya umeme, kama Prius ambayo Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 1997: ukipunguza mwendo, betri inajichaji. Kwa milima yetu ingefaa.

Lakini mgongo wa dereva nani anauhesabu? Mbele wanabanwa abiria wawili, goti la mmoja liko kwenye vitesi. Dereva anaendesha upande-upande. Kwenye mteremko, abadilishe vitesi, lazima aombe goti lisogee kwanza! Na nyuma mko ninyi ndugu zetu mliohama, na watoto na magodoro.

Mimi naona hivi: faida ya gari isiyokunywa sana ilipie nafasi hiyo ya mbele. Abiria awe mmoja, springi za kiti zitengenezwe, mguu ufikie breki bila kujinyoosha. Nauli ikiongezeka kidogo, mimi nitalipa. Nanyi, kabla ya kupandisha watoto, tazameni mbele wamekaa wangapi.