Mkuza Usiotumika Urudishwe kwa Mwenye Kiwanja

Wako wananchi katika miji yetu ya Tanzania wenye hati halali za viwanja, lakini sehemu ya viwanja hivyo si yao kwa vitendo. Ramani ya mipangomiji inaonyesha mkuza, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya bomba la maji au nguzo za umeme. Bomba halikuja. Nguzo zilipitishwa kandokando ya barabara. Hata hivyo, mwenye nyumba akiomba kibali cha kuongeza chumba, huonyeshwa mstari uliochorwa miaka mingi iliyopita, na faili likafungwa.

Msimamo wangu ni huu: halmashauri isiyoutumia mkuza iuachie.

Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda haki ya kumiliki mali na kukataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mkuza wenye bomba una utetezi wake: jirani apate maji, nami nivumilie bomba kupita uani kwangu. Huo ni ujirani mwema. Mkuza mtupu haumpi jirani chochote. Tena kodi ya pango la ardhi hutozwa kwa kuzingatia ukubwa wa kiwanja, hivyo mwananchi huilipia serikali ardhi ambayo amezuiwa kuitumia.

Wapinzani wa hoja hii husema kwamba mji unakua, na tukiachia leo tutainunua njia hiyo kesho kwa bei ghali. Maana yake ni kwamba mji ujiwekee akiba kwa kumnyima mtu mmoja mali yake bila kumlipa. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ipo. Hitaji likitokea, serikali itwae na ilipe fidia.

Wengine wanahofia rushwa. Hofu hiyo naiheshimu, maana tumeshuhudia maeneo ya wazi yakigeuka majengo ya wenye nguvu. Lakini eneo la wazi ni la umma, ilhali mkuza ninaouzungumzia umo ndani ya hati ya mtu, na anayestahili kurudishiwa ni yeye peke yake. Rushwa hustawi pale ambapo ofisa mmoja huamua faraghani. Katika jimbo la California, Marekani, sheria inaruhusu haki ya njia ya huduma kufutwa kwa utaratibu mfupi ikiwa haikutumika kwa lengo lake kwa miaka 5 mfululizo. Miaka 5 ndiyo muhula wa diwani wetu. Kwa nini sisi tusiwe na kikomo cha namna hiyo?

Napendekeza halmashauri zipitie ramani zao mtaa kwa mtaa. Mamlaka ya maji na shirika la umeme ziulizwe kwa maandishi kama zina miundombinu katika mkuza husika, au mpango wenye bajeti. Majibu yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Pasipo na hitaji, mkuza ufutwe, idhini ya wizara iombwe pale inapohitajika, na mabadiliko yaandikwe kwa Msajili wa Hati bila kumtoza mwenye kiwanja. Njia za maji ya mvua zisiguswe: huonekana tupu kiangazi chote, kisha masika huokoa mtaa mzima.

Nitaambiwa kwamba mikuza inatunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Basi halmashauri itueleze inayo mingapi, iko wapi, na ipi ina bomba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Madiwani wanaotuomba kura waje na daftari hilo. Wasipokuwa nalo, hawana msingi wa kuendelea kumzuilia mwananchi ardhi yake.