Nani Atamsukuma Mtunzi?

Limezuka lalamiko moja miongoni mwa vijana wanaotamani kuandika riwaya, nalo limerudiwa mara nyingi hata limeanza kufanana na hoja: "Nataka kuandika, lakini sina msukumo." Wa Mwananyamala asema hivyo, na wa Mbagala vilevile. Wenye lugha ya mitaani husema mzuka haujapanda. Wenye kupenda maneno mazito husema wanangoja ilhamu. Nasi wakubwa wao, badala ya kuwakosoa, huwapa pole na kuwausia subira. Nadai hapa kwamba lalamiko hilo halina msingi, usia huo ni mbaya, na vyote viwili vinaigharimu fasihi yetu.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa hili ni baraza la watu wa lugha. Ilhamu, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ni jambo analotiwa mja moyoni na Mola wake. Mja hana la kutenda ila kupokea. Mzuka ni kitu kimtokeacho mtu ghafla, kikamshtua, kisha kikaenda zake. Lakini msukumo una tabia nyingine. Umetokana na kitenzi sukuma, na kitenzi hicho kinadai mtenda. Hakuna kisukumwacho pasi na kisukumacho. Basi anayelia kwamba hana msukumo aulizwe: umesimama wapi, ndugu yangu, hata kisikuguse kitu?

Washairi wetu hawakuwahi kulalamika hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, alitungia mambo ya mji wake: vita, urafiki, uhasama, nyumba na watu waliomo. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 na kuwapa washairi nafasi, kilichowafanya waandike kilikuwa fumbo la mwenzao lililodai kufumbuliwa, au kauli iliyowachoma ikataka jibu. Mtu aliposhambuliwa kwa beti sita, hakungoja ilhamu. Alijibu kwa beti kumi. Malumbano ndiyo yaliyokuwa msukumo. Sijui kwa nini mtunzi wa riwaya, ambaye ulingo wake ni mpana kuliko wa mshairi, ajihesabu kuwa dhaifu kuliko yeye.

Chanzo cha maradhi haya nakiona mahali pawili. Kwanza ni darasani. Mtihani wa fasihi umewazoesha wanafunzi kuuliza: dhamira ni zipi, ujumbe ni upi, msimamo na falsafa ya mwandishi ni nini? Maswali hayo ni halali kwa msomaji aliyekwisha kuifunga kurasa ya mwisho. Kwa mtunzi ambaye hajaandika sentensi ya kwanza ni sumu. Kijana aliyelelewa na maswali hayo huketi mezani akaandika juu ya karatasi: "Ujumbe: vijana waepuke tamaa." Kisha hutafuta binti wa kutamani na mwanamume wa kumponza, akawasukuma hadi waufikie ujumbe, na riwaya ikaisha. Halafu hushangaa kwamba hakuna aliyelia, hata yeye mwenyewe. Angelia nani? Wale si watu; ni vielelezo vya somo.

Tazama Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Watahini hukuambia kwamba inahusu malezi, na wamesema kweli. Lakini mwandishi hakutupa malezi. Alitupa kisiwa cha Ukerewe alikozaliwa, baba mkali aliye mlevi, barua ya mvulana, na kipigo kilichofuata. Barua ile ndiyo inayotuchoma. Tungepewa insha kuhusu malezi tungeitikia kwa vichwa, kisha tukalala usingizi. Kwa sababu tulipewa barua na kipigo, kitabu kiliwatia watu hofu hata kwa muda kikazuiwa kusomwa shuleni. Sijapata kusikia dhamira iliyozuiwa kwa kuwa dhamira tu.

Mahali pa pili ni sebuleni. Tamthilia za Uturuki na Korea zimeingia katika nyumba zetu, nami sina ugomvi nazo; zimetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, tena wanaojua mitaa yao. Ugomvi wangu ni na kijana wa Tandika anayeazima hisia zake humo. Mashujaa wake hunywa kahawa dirishani huku theluji ikianguka. Tajiri humpenda maskini kwa kumwona mara moja. Mama mkwe hutia sumu. Mwandishi yuko Temeke, lakini moyo wa riwaya yake umepangishwa Istanbul, na kodi ya pango hilo analipa msomaji.

Hebu tuiangalie Temeke yenyewe. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao katika kukimbia. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane siku ile leo ni mtu mzima. Anakumbuka aliokota nini na aliacha nini, alishikwa mkono na nani, na mkono ule ulimponyoka wapi. Mtu huyo akisema hana msukumo, namwambia kwamba anao, ila hajaurudia.

Vuka uje Kinondoni. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, walihamishwa ili nyumba zao kuukuu zibomolewe; maghorofa mapya yakafunguliwa mwaka 2022, baada ya takribani muongo mzima. Gazeti lilituandikia idadi na tarehe, nalo likawa limetimiza wajibu wake. Riwaya inaanzia pale gazeti lilipoishia. Jirani aliyezoea kuazima chumvi kwa jirani yake alimwazima nani katika miaka ile? Aliyekuwa bibi kizee wakati wa kuhama, aliupandaje ngazi wakati wa kurejea? Nani alikufa akingali anangoja, na funguo zake zikapokewa na nani?

Au tusikilize neno moja tu: kausha damu. Ndilo jina ambalo wanawake wa mitaa yetu wameipa mikopo ya haraka yenye riba ya kutisha. Hakuna baraza la lugha lililoliunda, wala kamati ya istilahi iliyolipitisha. Limeundwa na watu waliokaushwa. Ndani ya neno hilo mna mama anayejificha chumbani mkopeshaji akigonga mlango, mna mtoto aliyefundishwa kusema "mama hayupo", mna kitanda kilichobebwa mchana majirani wakitazama. Je, huyo mtoto aliyefunzwa uongo na mama yake mwenyewe ili kuificha aibu, atamwaminije mama siku nyingine? Swali hilo peke yake ni riwaya, tena nene.

Hapo ndipo tunapofika kwenye maana ya kihisia, ambayo vijana wanaitafuta kama mtu atafutaye shilingi gizani. Hisia haiongezeki kwa kuongeza neno "sana". Nasoma miswada ambamo kila mhusika "anaumia sana", "analia sana", "anahuzunika sana". Wakati huohuo Kiswahili kimeweka ghalani huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, sononeko na ukiwa, na hakuna mawili yaliyo sawasawa. Kihoro kinamfaa aliyepotelewa na mpenzi wake. Sononeko ni la ndani, halina kilio, nalo hukaa muda mrefu. Ukiwa waweza kumpata mtu katikati ya soko la Tandika, amezungukwa na watu elfu. Asiyejua mhusika wake ana lipi kati ya hayo bado hajamjua mhusika wake. Wala hatalijua kwa kufungua kamusi tu; atalijua kwa kumtazama mtu mpaka neno lijitokeze lenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba mtunzi anahitaji utulivu, na kwamba maisha ya uswahilini hayampi nafasi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akihamishwa kituo baada ya kituo, na hakuna aliyempa likizo ya kutunga. Nitajibiwa pia kwamba nataka kila mtu aandike uhalisia mkavu, kwamba nawakataza njozi. Sikatazi. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Hakuna aliyewahi kuikanyaga. Lakini kesi ya Karama, anayeshitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria, ilikuwa na joto lililotoka hapahapa ardhini, katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Njozi ya kweli huruka kwa sababu ina mahali ilipokanyaga kwanza.

Wengine watanitajia waliofaulu ughaibuni. Vema, tumtaje Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2021. Ameishi Uingereza tangu ujana wake, na angeweza kuandika habari za theluji kwa haki zaidi kuliko kijana wa Tandika. Lakini aliyaandika maisha ya mwambao huu na majeraha ya wanaouacha. Paradise aliiandika kwa Kiingereza, nayo ikabidi itafsiriwe na Ida Hadjivayanis ndipo turudishiwe kwa jina la Peponi. Naye Adam Shafi alipoandika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, hakwenda mbali: aliichukua bandari ya Unguja na mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Bandari tunayo Dar es Salaam, pale Kurasini, na makuli wake wapo.

Ninachokitetea si kumbukumbu za mitaa tu. Lugha isiyoandikiwa maisha ya wasemaji wake hubaki lugha ya hotuba na matangazo. Kila mzee azikwaye Kinondoni huondoka na sentensi ambazo hazitasemwa tena. Kijana mwenye kipaji aliyeketi akingoja mzuka ndiye aliyepaswa kuzipokea. Basi na tuache kumpa pole. Tumwambie aende akaulize majina ya vitu, bei zake, na nani anamdai nani. Aandike siku ambayo hana hamu, kwa kuwa hamu huja baada ya ukurasa wa tatu, mara chache kabla. Na kama atanituhumu kwamba namfokea kwa nathari, namwachia ubeti huu, anijibu akitaka:

Usilingoje mbinguni, neno kukudondokea,
Limejaa mitaani, nawe walipuuzia,
Liko kwa mama sokoni, deni linamlemea,
Keti naye barazani, kalamu itaanzia.