Kaseti, Simu na Kinoo Tulichokipoteza



Wapo miongoni mwetu, hata wazee wa kanisa, wanaokariri kwamba simu ya mkononi imekwisha kutukomboa. Ati dikteta hawezi tena kuwaziba midomo watu wenye intaneti mfukoni. Huo ni udanganyifu, na sisi wa Nyeri, Karatina na Murang'a hatuna udhuru wa kuuamini.

Mwaka 1990 chombo chetu kilikuwa kaseti. Mwezi wa Mei nyumba za maskini wa Muoroto, Nairobi, zilibomolewa, na haukupita muda nyimbo za Kikuyu za kuomboleza na kulaani zikawa zinauzwa. Redio ya serikali haikuzipiga. Zilipanda matatu. Abiria wa Nyeri alizisikiliza njia nzima, amebanana na watu asiowajua. Alipofika nyumbani alinakili kutoka redio kaseti moja hadi nyingine, sauti ikichakaa na maana ikibaki kali. Serikali ikaanza kuwakamata wauzaji na watu wa matatu. Iliogopa nini? Si utepe ule wa plastiki. Iliogopa watu kusikia jambo moja pamoja, wakatazamana, kila mmoja akatambua kwamba jirani yake naye amesikia.

Ni woga huo huo uliolifungia gazeti la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa mwaka 1988, lilipofichua uovu wa uchaguzi wa mlolongo. Ni woga huo uliopiga marufuku Inooro mwaka 1995, jarida dogo la Kikuyu la Jimbo Katoliki la Murang'a. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa tangu Desemba 1991, vyama vingi vilikuwepo, na bado dola yenye jeshi na polisi ilitetemeka mbele ya jarida la kanisa!

Inooro maana yake ni kinoo, jiwe la kunolea. Mwaka 2003 jina hilo lilianza kusikika hewani, safari hii likiwa la kituo cha redio ya biashara. Sina ugomvi na redio hiyo; watu wetu wanaipenda, na ni haki yao. Lakini kinoo si kile kile. Redio ya biashara, iwe ipi, huishi kwa matangazo, na serikali ni miongoni mwa wateja wakubwa wa matangazo nchini.

Ama hiyo simu, tazameni yaliyotokea mwaka 2025. Tarehe 25 Juni, vijana walipokuwa wakiwakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi yao ikazimwa. Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo siku ile ile, lakini tulikwisha kuona jinsi karatasi moja inavyotosha. Wiki chache kabla ya hapo, mtaalamu kijana wa programu alitiwa mbaroni kwa kubuni tovuti ya kuwasaidia wananchi kupeleka bungeni pingamizi zao dhidi ya Mswada wa Fedha. Kaseti haikuwa na swichi ya kuzimiwa ofisini Nairobi. Tena ilisikilizwa na gari zima. Leo kila abiria ameziba masikio yake, anacheka peke yake.

Na kanisa je? Mwaka 1995 lilikuwa likichapa. Leo makanisa mengi yamenunua kamera, nayo kamera, Jumapili baada ya Jumapili, inamwonyesha mheshimiwa akikabidhi bahasha. (Kiasi hutajwa kwa sauti kuliko Injili.)

Basi nawaomba waumini, kwenye mkutano ujao wa parokia, msimame na kuuliza waziwazi: mashine yetu ya kuchapia iko wapi, nani anashika ufunguo wake, na mara ya mwisho ilichapa nini kisichokuwa ratiba ya harambee?