Eti "Tafuta tu kwenye Google"!

Juma lililopita binamu yangu, anayesomea uzamili wa kemia, alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mmenyuko wake umekataa kwa miezi mitatu, paladiamu ya bei ghali inaishia kwenye debe la taka, na msimamizi anamwambia hajasoma vya kutosha. "Kaka, nimetafuta mpaka macho yanauma. Nikiandika Suzuki naletewa pikipiki!"

Nilicheka. Kisha nikamjibu kama mjuaji yeyote wa tarakilishi: ongeza maneno, Google itakupa. Jumamosi alikuja na laptopu yake tukaketi, na hapo ndipo nilipoona upumbavu wa jibu langu.

Mmenyuko wenyewe si siri. Akira Suzuki na Norio Miyaura waliutangaza mwaka 1979, na mwaka 2010 Suzuki akashiriki tuzo ya Nobel pamoja na Heck na Negishi. Unachukua molekuli yenye bromini, nyingine yenye asidi ya boroniki, unatia paladiamu kidogo na besi, kaboni mbili zinashikana. Makala juu yake ni maelfu kwa maelfu.

Lakini mwanakemia hatafuti neno, anatafuta umbo. Boroni ya binamu yangu imeketi kando kabisa ya nitrojeni kwenye pete ya piridini. Huyu mwandishi anaipa jina hili, yule jina lile, na wengi hawaitaji kabisa: wanaichora, chini wanaandika 3b. Hebu tafuta "3b" kwenye mtandao uone!

Sasa sikiliza kinachonikera mimi mwandishi wa programu. Mchoro ule mara nyingi ulichorwa kwa ChemDraw, programu inayojua kila atomu na kila kifungo. Ingeweza kuutoa kama mstari mmoja wa maandishi wa SMILES, hivi: OB(O)c1ccccn1. Ukiogopa kwamba SMILES inaweza kuandikwa kwa namna nyingi, tangu 2005 kuna InChI, iliyobuniwa ili molekuli moja iwe na utambulisho mmoja. Yaani maarifa tayari yalikuwa ndani ya mashine! Kisha makala inachapishwa na umbo linageuzwa picha bubu. Halafu watu wanalipwa kuisoma picha ile na kuiingiza upya kwenye hifadhidata kama SciFinder na Reaxys, na chuo cha mwandishi yule yule, ambaye hakulipwa hata senti kwa makala yake, kinauziwa ruhusa ya kutafuta. Asiye na pesa abaki na pikipiki.

Sikatai kwamba faharasa zile ni nzuri. Chemical Abstracts ilianza mwaka 1907, na kazi ile inahitaji wataalamu. Ninachokataa ni kuharibu data kwanza, kisha kutoza ada ya kuitengeneza.

Sisi tulipitia mlango wa nyuma. Tulianza na mapitio ya Miyaura na Suzuki ya mwaka 1995 katika Chemical Reviews, tukafuata makala zilizoyanukuu, tukichuja kwa neno piridini. Baada ya saa mbili hivi tukagonga mwamba wenyewe: wanakemia wana jina kabisa, "tatizo la 2-piridili". Asidi ile huvunjika, boroni ikadondoka kabla paladiamu haijaishika. Mwaka 2012 kundi la Martin Burke huko Illinois lilichapisha dawa yake: ifunge boroni kwa MIDA, iachiwe polepole. Miezi mitatu imepotea kwa sababu ya neno moja ambalo hungelijua bila kwanza kulijua!

Vya bure vipo, na nashangaa hakuna aliyemwambia. Organic Syntheses, inayotoka tangu 1921, haichapishi utaratibu wowote kabla haujarudiwa kwenye maabara ya mhariri, na husomwa bila malipo. Daniel Lowe alichambua hataza za Marekani kwa programu, akaachilia menyuko zaidi ya milioni moja zikiwa zimeandikwa kwa SMILES. Faili ile naipakua sasa hivi ninapoandika.

Na vyuo vyetu wenyewe? Tasnifu nilizofungua Jumamosi ile zilikuwa karatasi zilizopigwa picha, nyingine zimelala ubavu. Kuweka faili moja ya maandishi yenye SMILES za kila molekuli hakuhitaji bajeti wala kamati. Ni dakika kumi za mwanafunzi mwenyewe.

Binamu yangu ameshaanza ya kwake. Msimamizi alipoiona akauliza hizo herufi zilizochanganyikana ni virusi au ni nini.